Mito ya Nyandarua: Kivutio cha Wageni, Uhai wa Wenyeji

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa maji hufuata mkondo. Yamkini hawakuona haja ya kuongeza kwamba watu nao hufuata maji. Tangu jadi binadamu amejenga kando ya mto, akalima kando ya mto, akapigana vita kwa ajili ya mto na akaomba mvua asimame karibu na mto. Katika enzi yetu amezuka mfuasi mwingine wa maji: mtalii. Huyu hafiki mtoni kuteka wala kunywesha mifugo. Anakuja kutazama, kusikiliza na kupumzika, kisha anarejea kwake. Swali tunalopaswa kujiuliza ni hili: mgeni huyu hutafuta nini hasa mtoni, na kitu hicho kina uhusiano gani na maisha ya mwenyeji anayebaki pale baada ya mgeni kuondoka?

Azma ya makala haya ni kulijibu swali hilo kwa kuichunguza mito ya safu ya milima ya Nyandarua, ambayo ramani nyingi huiita Aberdare. Tumeiteua safu hii kwa sababu mbili. Kwanza, ni miongoni mwa chemchemi kuu tano za maji nchini Kenya, zile ambazo wataalamu huziita minara ya maji. Nyingine ni Mlima Kenya, Mau, Elgon na Cherangani. Pili, mito yake inawagusa Wakenya wengi ambao hawajawahi kuiona: mkaazi wa Nairobi anayefungua mfereji, mkulima wa mpunga, na hata Mswahili wa Kipini anayeyaona maji ya kahawia yakiingia Bahari Hindi. Tutatetea hoja moja kuu, kwamba uzuri wa mto na manufaa yake si mambo mawili yanayoshindana. Ni jambo moja linalotazamwa kutoka pande mbili, na anayeuharibu upande mmoja huwa ameuharibu wa pili.

Mlima, mvua na msitu

Ili kuufahamu mvuto wa mito hii, hatuna budi kwanza kuelewa inavyozaliwa. Nyandarua ni safu ya milima iliyotokana na volkano, nayo imekaa kwenye bega la mashariki la Bonde la Ufa. Kilele chake kirefu zaidi, Oldoinyo Lesatima, kina urefu wa mita 4,001 juu ya usawa wa bahari. Kile cha Kinangop, kilichoko kusini, kina mita 3,906. Jina Nyandarua hufasiriwa na wazungumzaji wengi wa Kigikuyu kuwa ni ngozi iliyoanikwa, kwani mgongo wa milima hii ukitazamwa kwa mbali hufanana na ngozi iliyowambwa ikakauka kwa mikunjo. Jina Aberdare lilikuja mwaka 1884, wakati msafiri Mskoti Joseph Thomson alipoipa safu hii jina la Lord Aberdare, aliyekuwa rais wa Chama cha Kifalme cha Jiografia cha Uingereza.

Pepo zinazovuma kutoka Bahari Hindi huja na unyevu. Zikifika kwenye ukuta huu wa milima hulazimika kupanda, zikipanda hupoa, na zikipoa huuachilia unyevu huo kama mvua. Ndiyo maana miteremko ya kusini-mashariki hupata mvua ya hadi milimita 3,000 kwa mwaka, ilhali ile ya kaskazini-magharibi hupata takriban milimita 1,000. Hata hivyo, mvua peke yake haitoshi kuunda mto wa kudumu. Mvua inayoanguka juu ya mwamba mtupu huteremka kwa kasi, ikafanya mafuriko leo na kuacha ukame kesho. Kinachoigeuza mvua kuwa mto ni msitu.

Msitu wa Nyandarua umepangwa kwa matabaka. Chini kuna miti mikubwa ya kiasili kama vile mitarakwa na mipodo. Juu yake kuna ukanda wa mianzi, na juu zaidi kuna nyika ya baridi yenye nyasi za mashungi na ardhi ya majimaji. Majani ya miti huyapokea matone na kuyapunguzia kishindo. Ukungu unaopita hugandamana na matawi, ukadondoka chini tone baada ya tone hata siku isiyo na mvua. Majani makavu yaliyooza huifanya ardhi kuwa laini, maji yakapenya badala ya kuteleza. Nyika iliyo juu hufyonza maji kama sifongo na kuyatoa pole pole. Matokeo yake ni kwamba mto hutiririka mwaka mzima, hata katika miezi ambayo anga ni kavu. Haba na haba hujaza kibaba, na katika Nyandarua kibaba hicho ni mito mingi.

Mito hiyo huelekea pande zote. Upande wa mashariki hutoka Gura, Chania, Mathioya, Maragua na Thika, ambayo yote huishia katika mto Tana. Upande wa magharibi hutoka Malewa, ambao hulisha Ziwa Naivasha. Upande wa kaskazini hutoka Ewaso Narok, ambao huungana na Ewaso Nyiro na kuelekea nchi kavu ya Wasamburu na Waborana. Msomaji atambue kwamba jina Chania linabebwa na mito miwili: mmoja hupita Nyeri, na mwingine hupita mjini Thika. Jambo hili limewapotosha waandishi wengi wa vijitabu vya watalii, ambao huchanganya maporomoko ya Chania yaliyo ndani ya msitu na yale yaliyo mjini Thika.

Maporomoko na sababu zake

Kivutio kikuu cha mito ya Nyandarua ni maporomoko. Sababu yake imo ndani ya miamba yenyewe. Volkano hazikulipuka mara moja. Zilimwaga lava ikaganda kuwa mwamba mgumu, kisha zikatoa majivu yaliyoshikamana kuwa mwamba laini, na mfululizo huo ukarudiwa mara nyingi. Mto unapopita juu ya tabaka gumu na kufika mahali ambapo chini yake pana tabaka laini, maji huula mwamba laini kwa haraka zaidi. Mwamba mgumu hubaki ukining'inia kama paa lisilo na nguzo, na maji huruka kutoka ukingoni. Baada ya muda mrefu paa hilo nalo huvunjika, maporomoko yakarudi nyuma hatua moja. Kwa hiyo poromoko tunalolitazama leo si kitu kilichosimama. Linasafiri kuelekea kwenye chanzo chake, ingawa kwa mwendo usioonekana na jicho la binadamu.

Maporomoko mashuhuri zaidi ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Aberdare ni yale ya Karuru. Maji yake huanguka kwa ngazi tatu: ya kwanza mita 117, ya pili mita 26 na ya tatu mita 130, jumla mita 273. Upande wa pili wa bonde hilo hilo, mto Gura nao huruka kutoka kwenye genge na kuanguka takriban mita 300. Mgeni akisimama kwenye jukwaa la kutazamia huweza kuyaona maporomoko mawili yakielekea bonde moja, kila moja kwa sauti yake. Bonde lenyewe ni la kina kirefu na limefunikwa na msitu mzito kiasi kwamba si rahisi kwa mtu kuteremka hadi chini. Kuna pia poromoko la Magura, ambalo nyuma yake lina pango ambamo mtu anaweza kusimama akayatazama maji yakishuka mbele yake kama pazia.

Nje ya mbuga, poromoko linalotembelewa na wengi zaidi ni lile la mto Ewaso Narok mjini Nyahururu, lenye kimo cha takriban mita 74. Joseph Thomson alilifikia mwaka 1883, nalo likaitwa kwa jina lake. Wenyeji, hata hivyo, walikuwa na jina lao. Nyahururu huhusishwa na neno la Kimaasai linaloiga ngurumo ya maji. Wanafunzi wa Kiswahili watatambua mara moja kwamba hii ni tanakali ya sauti iliyogeuka kuwa jina la mahali. Majina haya mawili yanatufunza tofauti ya mitazamo. Jina la kigeni linamkumbuka aliyeona. Jina la wenyeji linakumbuka kilichosikika.

Kinachomvuta mgeni

Tukiwachunguza wageni wanaofika Nyandarua, tutagundua kwamba hawafuati jambo moja. Wapo wanaofuata kimo na ukubwa. Hawa huridhika wanapopiga picha maji yakianguka, na aghalabu ndio walio wengi: wanafunzi waliokuja kwa mabasi ya shule, maharusi wa Jumamosi, familia zilizotoka Nairobi asubuhi na zitakazorejea jioni. Wapo wanaofuata utulivu. Hawa huja kutoka miji yenye kelele, na kwao sauti ya maji ni dawa. Ajabu ni kwamba poromoko nalo lina kelele kubwa, lakini hakuna anayelalamika. Masikio ya binadamu hutofautisha kelele inayodai kitu na kelele isiyodai chochote.

Wapo pia wanaofuata samaki. Mnamo mwaka 1905, mlowezi Ewart Grogan alileta samaki aina ya trauti kutoka Uskoti na kuwatia katika mto Gura. Samaki hawa walistawi kwa kuwa maji ya milimani ni ya baridi, safi na yenye hewa nyingi, mfano wa maji ya kwao. Hadi leo wavuvi wa starehe hufika na fimbo na chambo bandia chenye umbo la mdudu, wakasimama magotini majini saa nzima bila kusema neno. Trauti ana umuhimu mwingine. Hawezi kuishi katika maji ya vuguvugu wala yenye matope, kwa kuwa tope huyafunika mayai yake na kuyanyima hewa. Kwa hiyo palipo na trauti mto ni mzima. Akitoweka, huwa ametoa ushahidi dhidi ya jambo fulani lililotendwa upande wa juu wa mto.

Wengine hufuata msisimko. Upande wa chini, ambako Sagana hupokea maji ya Mlima Kenya na ya Nyandarua, wageni hupanda mashua za mpira na kuteremka kwenye maji yenye kasi huku wamevaa kofia ngumu na majaketi ya kuelea. Wengine hupanda milima kwa miguu, na kwao mto ni kituo cha kujaza chupa na kunawa uso.

Hatimaye wapo wanaofuata wanyama. Mtoni ndipo wanyama hukutana: tembo, nyati, mbega weusi kwa weupe, chui na fisi. Mwenye bahati kubwa huenda akamwona bongo, swara mkubwa wa msituni mwenye mistari myeupe mgongoni, ambaye ni nadra mno. Wingi huu wa wanyama ndio unaofanya sheria za mbuga kuwa kali. Mgeni haruhusiwi kutembea ovyo, na kwa matembezi ya miguu hutakiwa kuandamana na askari wa wanyamapori mwenye silaha. Fauka ya hayo, mawe ya mtoni huteleza, na mvua inyeshayo mlimani inaweza kuujaza mto ghafla ilhali pale aliposimama mgeni jua linawaka. Majira mazuri ya kuzuru ni miezi ya ukavu, hasa Januari na Februari, kwani wakati wa masika barabara za ndani hugeuka tope.

Mto kama kumbukumbu

Mvuto wa mito hii si wa macho pekee. Ni wa historia pia. Mwaka 1932 ilijengwa hoteli ya Treetops juu ya mti wa mugumo. Hapo ndipo binti mfalme Elizabeth alipolala usiku wa tarehe 5 kuamkia tarehe 6 Februari 1952, usiku ambao baba yake, Mfalme George wa Sita, alifariki na yeye kurithi kiti cha enzi. Watalii wengi kutoka Uingereza huja kwa ajili ya hadithi hiyo.

Lakini msitu huo huo una historia nyingine ambayo Mkenya hawezi kuisahau. Katika miaka ya 1950, Nyandarua ilikuwa ngome ya wapiganaji wa Mau Mau. Mabonde ya mito yaliwapa maji, maficho na njia, na ukungu ukawasetiri dhidi ya ndege za kivita. Mwaka 1954 hoteli ile ya mugumoni iliteketezwa kwa moto. Dedan Kimathi, aliyeongoza mapambano msituni humo, alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 pembeni mwa msitu karibu na Nyeri. Wanafunzi waliosoma tamthilia ya Ngugi wa Thiong'o na Micere Githae Mugo kupitia tafsiri yake, Mzalendo Kimathi, wanamjua mhusika huyu. Wachache wamewahi kusimama kando ya mito aliyoinywa. Mbuga yenye hadithi mbili namna hii, ya binti mfalme na ya mpigania uhuru, ina haki ya kuzisimulia zote mbili kwa mgeni kwa uzito sawa.

Kuna pia kumbukumbu ya imani. Katika jamii ya Wagikuyu mugumo ulikuwa mti mtakatifu uliotumika kwa maombi na dhabihu. Profesa Wangari Maathai, aliyezaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe chini ya milima hii na kutuzwa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, anasimulia katika tawasifu yake kuhusu mugumo uliokuwa karibu na kwao. Mama yake alimkataza kuokota kuni chini ya mti huo. Karibu nao palikuwa na kijito ambamo Wangari mtoto alichezea mayai ya vyura. Alipokuja kurejea akiwa mtu mzima, mti ulikuwa umekatwa na kijito kimekauka. Baadaye alifahamu kwamba mizizi ya mugumo hupenya chini sana na kuyapa maji ya ardhini njia ya kupanda juu. Kumbe mwiko wa wazee ulikuwa pia elimu ya maji, ila tu iliandikwa kwa lugha ya imani. Aliyeudharau mwiko huo kama ushirikina alijikuta hana pa kuteka.

Safari ya maji hadi Kipini

Tuyafuate sasa maji ya Gura. Yakishaanguka mita zile 300, huteremka kwa kasi katikati ya mashamba ya chai na kahawa, yakaingia Sagana, na Sagana ikawa Tana. Huko maji hutunzwa na kutumiwa tena na tena katika mabwawa matano ya umeme yaliyopangwa kama ngazi: Masinga lililokamilika mwaka 1981, Kamburu la 1974, Gitaru la 1978, Kindaruma la 1968 na Kiambere la 1988. Tone lile lile lililopigwa picha na mtalii huzungusha mitambo mara tano kabla ya kuachiliwa.

Baada ya hapo Tana huingia nchi kame, ikawa mstari wa kijani katikati ya ardhi ya vumbi. Kando yake huishi Wapokomo, wakulima na wavuvi ambao bembelezi yao ndiyo iliyozaa muziki wa wimbo wetu wa taifa. Mwisho mto hufika Bahari Hindi karibu na Kipini. Hapa mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hana budi kusimama, kwani hii ndiyo nchi ya Fumo Liongo, shujaa na mshairi ambaye mapokeo humweka katika miji ya karibu na mdomo wa Tana, na ambaye kaburi lake wenyeji wa Kipini huwaonyesha wageni hadi leo. Kwa hiyo wale wanaodai kwamba Kiswahili ni lugha ya pwani isiyo na la kusema kuhusu milima wamesahau jiografia. Ardhi yenye rutuba iliyowalisha watu wa Liongo iliteremshwa na mto, na mto huo ulitoka milimani.

Mgeni njoo, mwenyeji apone

Methali hii hutajwa sana katika mijadala ya utalii, na mara nyingi husemwa kana kwamba uponyaji huja wenyewe. Hali halisi ni ngumu zaidi. Mkulima wa Nyandarua, Nyeri au Murang'a anaweza kuuliza: watalii wanapita kwa magari yao, ada wanalipa langoni, mimi napona vipi?

Jibu la kwanza ni kwamba yapo manufaa ya moja kwa moja. Wapo vijana wanaoongoza wageni, wapo wanaouza chakula, wapo wanaolaza wageni majumbani. Jibu la pili linahusu ua. Kwa miaka mingi tembo walitoka msituni usiku na kuharibu mahindi na viazi, na watu nao waliingia msituni kukata miti. Mwaka 1988 ilianzishwa Rhino Ark kwa lengo la kuwanusuru vifaru weusi, na kuanzia mwaka 1989 mashindano ya kila mwaka ya magari yakatumika kuchanga fedha za kujenga ua wa umeme. Kazi hiyo ilichukua miaka 20. Ua wenye urefu wa karibu kilomita 400 ulikamilika mwaka 2009, mkulima akapata usingizi na msitu ukapata nafuu. Hapa mgeni na mpenda mbio waliuchangia uponyaji wa mwenyeji waziwazi.

Hata hivyo, ua hauzuii kila kitu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 uchunguzi wa kutoka angani ulionyesha maelfu ya matanuri ya makaa ndani ya msitu huu. Bandu bandu huisha gogo, na gogo likiisha mto hufuata. Isitoshe, jiji la Nairobi linategemea maji ya Nyandarua kwa sehemu kubwa, kupitia mabwawa ya Sasumua na Ndakaini. Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994, lina uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo milioni 70. Kwa kuwa mahitaji ya jiji yaliendelea kukua, ilichimbwa njia ya chini ya ardhi ya kilomita 11.8 ili kuchota maji ya mito Maragua, Gikigie na Irati. Mradi huo ulizua mjadala mkali Murang'a, wakaazi wakihofia kwamba mito yao ingepungua. Mwaka 2024 mjadala mwingine uliibuka kuhusu mpango wa barabara ya kutoka Ihithe hadi Ndunyu Njeru, ambayo ingepita ndani ya msitu na mbuga. Waliouunga mkono walitaja usafiri wa mazao na biashara; walioupinga walitaja mapito ya wanyama na vyanzo vya maji. Suala hilo lilifika mahakamani.

Mwandishi wa makala haya haoni kwamba wakulima wanaotaka barabara ni maadui wa mto, wala kwamba wakaazi wa jiji wanaotaka maji ni wezi. Kila mmoja ana haja ya kweli. Tatizo ni kwamba kila mmoja huupima mto kwa kipimo chake pekee: lita, kilomita, magunia au tikiti. Hapa ndipo mgeni anapoweza kuwa na faida isiyohesabika kwa shilingi. Yeye haji kwa ajili ya lita. Anataka mto mzima: maji yake, msitu wake, wanyama wake, ukimya wake. Hakuna anayelipa nauli kutazama poromoko lililokauka. Kwa hivyo anachodai mtalii ni kile kile anachokihitaji mwenyeji ingawa kwa sababu nyingine, yaani mto unaotiririka mwaka mzima kutoka kwenye msitu ulio hai. Mgeni wa namna hii ni shahidi wa kutegemewa. Lakini mgeni anayetupa chupa za plastiki kwenye kijito, au hoteli inayomwaga taka majini, huwa amekata tawi alilokalia.

Nafasi ya Kiswahili

Je, haya yanamhusu vipi mwanafunzi wa Kiswahili? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Licha ya hayo, maelezo mengi anayopewa mzuru wa mbuga zetu yameandikwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa shule ya msingi kutoka Mwea anapofika Karuru husoma urefu wa poromoko lake mwenyewe kwa lugha ambayo huenda asiielewe vyema. Matokeo yake ni kwamba huona mahali hapo kama mali ya wageni.

Kiswahili hakikosi maneno ya kazi hii. Tuchukue vitenzi peke yake. Ukungu hudondoka kutoka kwenye jani, maji huchururika kwenye gome, hububujika kwenye chemchemi, hutiririka kwenye kijito, huporomoka kwenye genge, hufurika bondeni, na mwisho humwagika baharini. Kila kitenzi kinabeba kasi yake, wingi wake na sauti yake. Tukiongeza nomino kama vile tawimto, ukingo, kivuko, kilindi, mkondo na mlango wa mto, tunapata msamiati unaotosha kumwongoza mgeni kutoka Lesatima hadi Kipini bila kukopa. Kinachokosekana ni watu wa kuutumia: waandishi wa vijitabu, wafasiri wa mabango, waongozaji waliosomea lugha, na watafiti watakaozikusanya hadithi za mito kwa Kigikuyu, Kimaasai na Kipokomo na kuziweka katika Kiswahili kabla wazee wanaozijua hawajatutoka. Hii ni kazi ya kitaaluma, na pia ni ajira.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mito ya Nyandarua huvuta wageni kwa kimo cha maporomoko yake, kwa utulivu, samaki, wanyama na kumbukumbu zake. Yameonyesha pia kwamba mambo hayo yote yanategemea kitu kimoja, msitu unaoipokea mvua na kuitoa pole pole. Msitu huo ndio unaomnywesha mkaazi wa Nairobi, unaowasha taa zetu na unaorutubisha delta ya Tana. Tunapendekeza basi kwamba vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vifunge safari za kitaaluma hadi kwenye mito hii, vishirikiane na Shirika la Wanyamapori nchini (KWS) kuandaa maelezo ya Kiswahili kwa wazuru, na viikusanye fasihi simulizi ya mito kabla haijapotea. Usiache mbachao kwa msala upitao. Watalii ni msala upitao. Leo wapo, na janga au vita vikizuka kesho huenda wasije, kama tulivyoshuhudia mwaka 2020. Mto ndio mbacha wetu, na mwenye kuutunza mbacha wake hatakosa pa kumkaribisha mgeni.